Fomu ya Anaweza na Hawezi

Kazi niliyosomea inaitwa tiba ya kazi, na jina hilo limenisumbua maishani kuliko kazi yenyewe. Katika hospitali ya Homa Bay nilikoajiriwa miaka ya tisini, hata baadhi ya wauguzi wenzangu waliamini kwamba ninawatafutia wagonjwa ajira. Mama yangu, kule Kosele, aliwaambia majirani kuwa binti yake ni daktari wa watu wavivu. Ukweli ni kwamba nilimchukua mtu aliyepooza, aliyevunjika au aliyekatwa kiungo, nikamfundisha upya mambo ya kila siku: kufunga vifungo vya shati, kusonga ugali kwa mkono mmoja, kushika jembe, kwenda chooni bila kushikiliwa. Lakini kabla ya kumfundisha nilimpima. Nilimpa kazi ndogo ndogo, nikamtazama akizifanya, kisha nikajaza fomu yenye safu tatu: anaweza, anaweza kwa msaada, hawezi.

Siku moja afisa wa shirika lililoshughulikia wakimbizi alikuja chumbani kwangu, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa maneno, na faili alilibana kwapani hata alipokuwa amekaa. Alinieleza kwamba kuna watu waliokimbia Burundi na Rwanda, wakapitia Tanzania na kuvuka mpaka, na sasa wanalala katika ukumbi wa kanisa moja mjini Migori. Wengi wao walikuwa na majeraha ya zamani.

"Tunataka kujua nani anahitaji nini," alisema. "Magongo, viti vya magurudumu, vitu kama hivyo. Wewe wapime, jaza fomu, mengine tuachie sisi."

Nilikubali kwa furaha. Hakuna mtu aliyewahi kuja kutoka nje ya hospitali kuulizia kazi yangu. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Halafu kuna wale wanaojifanya," akasema. "Hao utawajua. Nyinyi mna macho."

Maneno hayo nilisafiri nayo hadi Migori. Nilikuwa kijana, na nilijivunia macho yangu.

Vifaa vyangu vyote vilienea katika kikapu kimoja: ubao wenye vifungo, kufuli na ufunguo wake, maharagwe ya kuokota moja moja, birika, sufuria, jiko la makaa, na kipimo cha plastiki cha kupimia kidole kinajikunja kiasi gani. Nilivipanga juu ya meza mbele ya ukumbi. Watu waliketi kwenye mikeka yao wakinitazama jinsi mtu anavyomtazama polisi anayepanga pingu. Niliwasalimu na kuwaambia nimekuja kuona nani anahitaji magongo. Wachache waliitikia.

Mwanamke wa kwanza kuja mezani hakuwa na mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na alitembelea fimbo aliyoichonga mwenyewe. Huyu hakuogopa. Alifunga vifungo vyote kabla sijamaliza kueleza. Alifungua kufuli. Aliwasha jiko, akachemsha chai, akaitoa sufuria ya moto mekoni na kuja nayo mezani akiruka kwa mguu mmoja bila kumwaga tone. Aliponiona nimebaki mdomo wazi, akacheka.

"Andika," akaniambia. "Andika kwamba naweza. Sitaki mtu aniambie mimi ni wa kuombewa."

Nikaandika. Anaweza, anaweza, anaweza, mpaka chini ya ukurasa. Mahali pa kutembea nilimwambia aende hadi mlangoni na kurudi. Alikwenda na kurudi kwa haraka kuliko mimi. Nikaandika tena: anaweza.

Niliona jambo wakati anarudi kwenye mkeka wake. Bibi kizee aliyekuwa jirani yake alivuta miguu upande, akampa kisogo. Hakuna aliyempokea mtoto. Nilidhani ni wivu.

Baada yake alikuja mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kijivu lililofungwa hadi shingoni. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake. Aliniita muganga. Kwetu mganga ni yule wa mitishamba na mafupa, na nikadhani ananidharau. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao daktari huitwa hivyo. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha mjini, kilichonifanya nikionee aibu Kiswahili changu cha darasani.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani nyumbani?" nikamuuliza.

"Kilimo."

"Mkono uliumiaje?"

"Nilianguka kwenye baiskeli."

Niliushika ule mkono. Kiganja kilikuwa laini kuliko changu. Juu ya kidole gumba palikuwa na vialama vidogo vya kuungua, vya zamani na vipya. Jembe haliunguzi mtu. Na ile nyama iliyo kwenye shina la kidole gumba, ambayo hunywea mkono usipotumika, ilikuwa imejaa vizuri kabisa. Moyoni nikamsikia yule afisa: hao utawajua.

Nilimpa maharagwe. Yote yalianguka. Nilimpa vifungo. Alivisukumasukuma kwa ngumi kisha akatikisa kichwa. Nilimpa ufunguo wa kufuli, akauacha uanguke hata kabla haujagusa tundu.

"Jaribu tena."

"Siwezi, muganga."

"Jaribu tu."

"Nimejaribu."

Nilikuwa nimeweka birika la maji ukingoni mwa meza. Sitasema lilifika pale kwa bahati mbaya. Nilipojifanya nachukua kalamu, nililigusa kwa kiwiko, likapinduka kuelekea upande wake. Mkono wake wa kulia ulitoka kama mshale na kulidaka kwa mpini. Tukatazamana. Alilishikilia hewani kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha, akiwa bado ananitazama machoni, akaliachia. Maji yalimwagika juu ya viatu vyangu.

"Umeona?" akasema taratibu. "Siwezi."

Nilikunja fomu yake bila kuandika kitu.

Mchana ule, kabla ya kurudi Homa Bay, nilipita dukani kununua betri za redio. Duka lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka Pwani na kukaa Migori kwa miaka mingi, mtu mwenye maneno machache na adabu nyingi. Nyuma ya kaunta yake palikuwa na pazia, na siku hiyo upepo ulilisogeza. Nikamwona yule mwanamume wa koti la kijivu. Koti alikuwa amelivua. Jichoni alikuwa amebana kioo kidogo cha kukuza, na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na saa ya mkononi iliyofunguliwa, na vigurudumu vyake vimepangwa mstari. Alikuwa ameshika bisibisi nyembamba kama sindano. Kwa mkono wa kulia.

Nilisimama pale kwa muda wa kutosha kuona jinsi alivyoishika. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimenyooka, vimekufa kabisa, havikuguswa na kazi ile. Bisibisi ilikuwa kati ya kidole gumba na kile cha pete. Sijawahi kuona mtu akishika kitu kidogo hivyo kwa vidole hivyo, wala shuleni hatukufundishwa kwamba inawezekana. Mtu huyu alijichongea njia yake mwenyewe mahali ambapo njia haikuwepo. Niliyaona hayo yote, na hayakunipunguzia hasira. Niliona tu kwamba nimedanganywa.

Aliinua kichwa. Mwenye duka akavuta pazia.

"Dada, ulisema betri ngapi?"

Dereva wa hospitali aliposimama njiani, pale Rodi Kopany, kununua nyanya, niliitoa ile fomu na kuijaza juu ya magoti yangu. Anaweza, kila mstari. Chini, mahali pa maoni, niliandika kwamba mhusika ni fundi saa na anaficha uwezo wake kwa makusudi. Kesho yake nilimpelekea afisa fomu zote, nikalala vizuri.

Wiki mbili zilipita. Magongo hayakuja. Nilikwenda kwenye ofisi ya muda ambayo shirika lilikodi mjini Homa Bay ili kuulizia. Afisa hakuwepo, lakini karani alinikaribisha ndani nimsubiri, akatoka kuitafutia taipureta utepe. Juu ya meza palikuwa na orodha mbili zilizopigwa chapa. Sikuwa na nia ya kusoma. Nilisoma kwa sababu niliona neno nililolijua: anaweza.

Orodha ya kwanza ilikuwa ya watu watakaopandishwa lori na kupelekwa kambini kaskazini, kule kwenye mchanga na jua. Ya pili ilikuwa ya wale watakaobaki kwanza, kwa sababu wanahitaji hospitali. Kilichowagawa ni fomu zangu. Mwanamke mwenye mguu mmoja alikuwa wa pili kutoka juu katika orodha ya lori. Fundi saa alikuwa wa tano, na maoni yangu yalikuwa yamenakiliwa neno kwa neno kando ya namba yake.

Afisa aliporudi alinikuta nimesimama.

"Uliniambia ni habari ya magongo," nikasema.

"Magongo yatakuja." Hakupandisha sauti. "Lakini hatuwezi kuwapeleka wagonjwa kule, wewe mwenyewe unajua. Kwa hiyo tunaanza na wazima. Umetusaidia sana, madam. Kazi safi."

"Yule mama hana mguu."

"Wewe ndiye uliyeandika anatembea."

"Anatembea kwenye saruji! Nilimpima kwenye saruji!" Nilisikia sauti yangu ikigonga dari. "Kwenye mchanga fimbo itazama."

"Hilo hukuliandika."

Niliomba fomu zangu. Akaniambia kwa upole uleule kwamba zimeshapigwa muhuri na kupelekwa Nairobi. Nilipouliza lori linakuja lini, alitabasamu na kusema hajui. Sikumwamini. Nilipotoka nje nilikumbuka wale watu kwenye mikeka, jinsi walivyokitazama kikapu changu, na yule bibi aliyevuta miguu. Haukuwa wivu, ilikuwa hasira kwa aliyenionyesha kila anachoweza. Walijua tangu mwanzo fomu yangu ni ya nini, na mimi niliyeishika ndiye niliyekuwa sijui.

Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari mkuu wangu, mzee mkali aliyekuwa hapendi watu wa nje kuwatumia wafanyakazi wake bila kumwambia. Nilimweleza yote, isipokuwa birika. Nikaandika barua mbili, moja ya yule mama na moja ya fundi saa, kwamba wanahitaji matibabu ya mfululizo kwetu na wasihamishwe. Aliweka sahihi kwenye ya kwanza, lakini aliishikilia kalamu juu ya ile ya pili.

"Huyu ulisema ni mzima."

"Vidole viwili vimekufa, daktari. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira."

"Na sasa, una hakika si yeye anayekutumia?"

"Sina," nikamjibu. Akatia sahihi hata hivyo.

Siku iliyofuata nilifika Migori asubuhi. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi na nusu ya mikeka haikuwepo. Katekista wa kanisa alikuwa akifagia. Lori lilikuja alfajiri, akaniambia. Yule mama wa fimbo alipanda mwenyewe, alikataa kuinuliwa. Mtoto wake ndiye aliyepitishwa mkono kwa mkono. Wuololo! nikalia kwa lugha ya mama yangu. Nilikaa kwenye benchi na barua yake mkononi, nikashindwa hata kumwuliza katekista yule mama alisema nini.

"Na yule wa koti?"

"Huyo hajalala hapa tangu siku uliyowapima," alisema katekista. Hakunitazama.

Nilikwenda dukani. Mwenye duka alinisalimu, akaniuliza habari za Homa Bay, habari za kazi, habari za mvua. Pazia lilikuwa limefungwa kwa pini.

"Namtafuta fundi saa," nikasema.

"Hapa hatuna fundi, dada. Mimi nauza tu."

"Nilimwona."

"Labda ulimwona mteja."

Niliiweka barua juu ya kaunta. Nilimwambia kwamba akitokea mteja kama huyo ampe, imeandikwa kwamba mkono wake unahitaji matibabu na asihamishwe, na kwamba mimi nitakuwa hospitalini kila siku isipokuwa Jumapili. Hakuigusa. Nilipogeuka pale mlangoni, bado ilikuwa palepale, na yeye alikuwa akipanga sabuni.

Walikuja wiki iliyofuata, wote wawili. Mwenye duka alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, kama anayekwenda kutoa ushahidi. Fundi saa alibaki mlangoni.

"Nataka kuona ulichoandika," akasema. "Si barua. Kile unachoweka humu ndani."

Nilitoa faili lake. Nilikuwa nimempima upya kichwani mwangu na kuandika ukurasa mzima, kwa Kiingereza kama tulivyotakiwa. Nikaanza kumtafsiria. Akainua mkono wa kushoto.

"Hapana. Asome yeye."

Mwenye duka akaketi, akavaa miwani, akaanza kusoma polepole huku kidole chake kikipita chini ya kila neno. Alisoma mstari kwa Kiingereza, kisha akamwambia kwa Kiswahili. Kidole cha shahada hakisikii. Cha kati hakijikunji. Hutumia gumba na cha pete, kwa ustadi mkubwa, lakini huchoka na maumivu hupanda hadi kwenye kiwiko. Hapo fundi saa alimkatiza.

"Nani alimwambia kuhusu kiwiko?"

"Nilikiona," nikasema. "Siku ile dukani ulikuwa umekiegemeza kwenye ukuta."

Mwenye duka akamaliza ukurasa, akaugeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mbona ile ya kwanza uliandika mengine?" aliniuliza fundi saa.

"Nilikasirika."

"Kwa sababu ya maji?"

"Kwa sababu ulinidanganya."

"Na wewe ulipotuambia unataka kutupa magongo?"

"Mimi pia niliambiwa hivyo."

"Ndivyo wanavyosema wote," alisema, bila ukali wowote, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Kisha akaingia, akaketi kwenye kiti kinachotazama mlango, akaweka mkono wake juu ya meza.

Alikuja kila wiki kwa miezi mingi. Nilimtengenezea gango la kushikilia vidole vyake kwa kukata bomba la plastiki la maji na kulilainisha kwenye maji ya moto. Aliondoka nalo, akarudi nalo amelitoboa na kulichonga upya, likamkaa vizuri kuliko nilivyolitengeneza. Kidole cha kati kilianza kujikunja kidogo. Kile cha shahada hakikuamka kamwe. Chai yangu hakuinywa hata mara moja. Kuhusu ajali, mara ya pili nilipomuuliza ilikuwa ni mlango wa gari, na mara ya tatu ilikuwa kitako cha bunduki. Baada ya hapo sikuuliza tena. Mahali pa chanzo cha jeraha niliacha wazi, na kila alipokuja alihakikisha kwamba bado pako wazi.

Afisa hakurudi kwangu. Barua ya daktari ilimtosha, au alipata watu wa kutosha kwa lori lake. Nilimwandikia mara mbili kuhusu yule mama, kwamba arudishwe, kwamba angalau apewe magongo yenye kitako kipana kisichozama mchangani. Mara zote mbili nilijibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa.

Asubuhi moja, nikiwa nimeinamia vidole vyake na kile kipimo changu, fundi saa alisema, "Yule wa fimbo anakusalimu."

Niliacha kupima. "Umempataje?"

"Watu hupita."

"Yuko wapi? Anaendeleaje?"

"Yuko kule kule. Anapika kwenye zahanati ya kambi. Kutembea ni shida, hujikokota kwa makalio mchanga ukiwa moto." Alikisukuma kipimo kando. "Ameomba usiandike tena habari zake. Kila unapoandika, wanakuja kumhoji ni nani anayemjua huko nje."

Nilisema sawa. Sikuandika tena. Hadi leo sijui kama nilimtii au nilipata kisingizio cha kupumzika.

Fundi saa aliacha kuja mwanzoni mwa mvua za masika. Wiki ya kwanza nilidhani barabara imeharibika, ya pili nilidhani ni homa. Wiki ya tatu nilikwenda Migori. Pazia lilikuwa limeondolewa, na nyuma ya kaunta palikuwa na magunia ya sukari tu.

"Ameondoka salama?" nikamuuliza mwenye duka.

Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayepima nimekuja na nani.

"Nani huyo, dada?"

Nilimwambia ni mimi tu ninayeuliza, hakuna mwingine. Akainamisha kichwa kwa heshima, akachukua kijiko chake cha bati, na akaendelea kumpimia sukari mteja aliyekuwa mbele yangu.